Nani Kamwacha Nani?

"Harusi hakuna!" Mama aliingia kwenye kibanda changu cha kushonea na simu mkononi, mimi nimemzungushia mteja futi kiunoni. "Mwanaume kakuacha, wewe unapima watu!"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo ya nini? Sikiliza." Akasoma kwa sauti, mteja naye katega sikio. "'Nilimwacha fundi wa watu, nikamfuata daktari wa meno.' Kaandika mwenyewe! Si juzi tu kang'olewa jino na yule dada?"

Mchumba wangu ni fundi friji, na akitoka kazini huandika simulizi za mapenzi mtandaoni. Nilijua ni hadithi. Lakini moyo una akili gani? Nikampigia.

"Mpenzi, ni ya kutunga!"

"Mbona 'mimi'?"

"'Mimi' ndiyo inachoma. Msomaji anataka kumsikia aliyetenda."

"Basi imekuchoma wewe. Mama kavunja harusi. Iondoe."

"Naweka 'yeye' sasa hivi."

Akaweka. Haraka haraka, kila 'ni' akaifanya 'a', wala hakusoma tena. Mama bado anahema pale kitini, ujumbe ukaingia kutoka kwa dada yake mchumba.

"Wifi, kaka kakukosea nini? Eti 'Alimwacha fundi wa watu, akamfuata daktari wa meno.' Mama kalia hapa, sasa yuko njiani anakuja kwako."

Jamani! Huyo 'yeye' ni mwanaume au mwanamke? Lugha yetu haisemi. Na fundi ni mimi, fundi ni yeye. Kwao nikawa mimi ndiye niliyekimbilia kwa daktari!

Mama mkwe akaingia bila hodi.

"Mwanangu ana kasoro gani?"

"Na wangu je?" Mama akainuka. "Mwanao ndiye kamwacha!"

"Nani kamwacha nani?"

Mchumba akafika mbio, bisibisi mfukoni. "Jamani, hakuna aliyeachwa! Ni mambo ya nafsi tu, nafsi ya kwanza, nafsi ya tatu..."

"Nafsi zako peleka huko!" wakamjibu wote wawili. Kwa hilo tu walikubaliana.

Mimi sikucheka.

"Mbona yule fundi aliyeachwa hasemi kitu?" nikamuuliza mchumba. "Umejaribu 'mimi', umejaribu 'yeye', mwenyewe yupo yupo tu."

"Sijui anajisikiaje."

"Mimi najua. Tangu asubuhi najua. Nilijua ni uongo na bado nikajiona nimeachwa. Kaa hapo nikwambie, uandike kwa kinywa chake."

Akakaa. Nikamweleza nilivyoogopa kumtazama mama usoni, nilivyojiuliza huyo daktari ananizidi nini. Yeye akaandika neno moja, "Niliachwa." Akalitazama. Akalifuta.

"Siwezi," akasema, machozi yakimlengalenga. "Hilo neno sikutii kinywani, hata kwa hadithi."

"Sasa hadithi itaishaje?"

"Ife tu. Mimi naoa."

Mama mkwe akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Huyo ndiye mwanangu," akasema.

"Mwanetu," mama akamrekebisha.