Kiti cha Kupimia Kamera

Simu mbili mpya zilikuwa kwenye begi lake, maboksi hayajafunguliwa, na jua lilikuwa limebakiza kama nusu saa. Ndiyo maana alitembea haraka. Wenzake wa kazi hii ya kupima simu mtandaoni walizifungua tangu asubuhi, mara tu zilipozinduliwa, na walikuwa wameshasema yote: kioo kinang'aa, chaji inakaa, kamera ya mbele imeacha kumpaka mtu unga. Yeye alikuwa amechelewa. Yeye, ambaye watazamaji walimbatiza Bwana Kwanza kwa sababu maoni yake ya kwanza yalikuwa hayatanguliwi na ya mtu.

Alichelewa kwa sababu ya kiti.

Kila mtu wa kazi hii ana namna yake ya kupima simu. Kuna anayeitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Kuna anayeiangusha ngazini makusudi kisha akahesabu nyufa, utadhani amekosana nayo. Bwana Kwanza yeye alikuwa na mama yake. Tangu simu ya kwanza kabisa, picha ya kwanza ilipigwa palepale: sebuleni kwa mama, kwenye kiti cha mbao chenye mto wa kijani, mkabala na dirisha la magharibi, katika zile dakika chache za mwisho wa jua ambapo kamera nyingi huumbuka. Mama alikaa, mikono magotini, akaambiwa atulie. Picha ikipatikana mwanawe alisema, "Basi, mama," naye akanyanyuka huku akililaumu goti lake na kuuliza kama hii nayo ina redio. Miaka sita, simu arobaini na kitu, swali lilelile. Watazamaji walimpenda mama kuliko simu zenyewe.

Kiti nacho kilikuwa na maneno yake. Mama akikaa, kililia kwa kuvuta, ngiiiii. Akinyanyuka kililia kidogo tu, ngi, kikanyamaza. Mtu angeweza kuwa jikoni akajua mama amefanya nini.

Mama alifariki miezi minane iliyopita, kwenye kiti hichohicho. Tangu hapo Bwana Kwanza alipimia kamera zake kwenye chungu cha maua, na watazamaji wakamvumilia kwa heshima ya msiba. Lakini juzi walianza kunong'ona: turudishie kiti, hata kikiwa kitupu, tulinganishe picha. Halafu dada yake, mshona mapazia, akampigia kumwambia nyumba ya mama imepata wapangaji, wanahamia kesho, aende akakitoe kiti. Yeye dada angepita na gari la mizigo akitoka kazini. Bwana Kwanza akaona mambo mawili yameangukia siku moja. Alijiambia ni picha tu.

Langoni alimkuta mpaka rangi anasuuza brashi zake. Alikuwa mtu mzima, mgeni kwenye mtaa ule, dada alimpata kwa kuelekezwa. Akaeleza kwamba vyumba vyote vimekwisha isipokuwa kipande kimoja cha ukuta, nyuma ya kiti cha sebuleni. Bwana Kwanza akamuuliza, kwa ukali kidogo, ilikuwa kazi gani kusukuma kiti pembeni.

"Sikutaka kumsumbua bibi," mpaka rangi alisema. "Nilimwomba asogee mara mbili."

"Bibi gani?"

"Si huyo aliyekaa humo ndani. Anasema ameambiwa asitikisike."

Akakusanya brashi zake ndooni, akaaga vizuri, akaenda zake kama mtu aliyemaliza kazi na hana neno na yeyote.

Bwana Kwanza alibaki ameshika lango. Angeweza kusema mtu yule amelewa, lakini hakuwa amelewa. Angeweza kusema kasikia habari za mama mtaani. Lakini lile neno asingelisikia popote. Usitikisike. Hilo lilikuwa neno lake yeye, la kumwambia mama, na kwenye video zake zote alikuwa akilikata.

Aliingia.

Harufu ya rangi mbichi ilimpiga puani. Na chini ya rangi, mbali kidogo, harufu nyingine... kafuri. Ile dawa ya kuchua goti.

Sebule ilikuwa tupu, imebaki na kiti peke yake. Kuta zilikuwa nyeupe, safi, isipokuwa pale nyuma ya kiti, ambapo rangi ya zamani ilikuwa imeachwa. Alisogea kutazama. Mpaka rangi alikuwa fundi kweli, hakuacha kipande hovyo. Brashi ilikuwa imepita taratibu, imezunguka, imefuata ukingo wa kitu. Juu ya mgongo wa kiti paliachwa mabega mawili. Juu ya mabega paliachwa kichwa.

Kichwa kilikuwa kimeinamia kidogo upande wa kushoto.

Akili ilimwambia aondoke. Mikono, kwa mazoea ya miaka sita, ikafungua begi. Pengine ndivyo woga unavyofanya, humrudisha mtu kwenye kazi anayoijua. Akachana boksi la kwanza, la ile ndogo, akabandua karatasi ya kiooni, akaanza kujirekodi sauti kwa simu hiyohiyo akizungumza kama kawaida yake, ila sauti ilimtoka nyembamba. Ni nyepesi, alisema. Imekaa vizuri mkononi. Mgongo wake haushiki alama za vidole, hapo wamejitahidi. Sasa tuone kamera kwenye mwanga hafifu.

Akailenga kwenye kiti.

Kamera za siku hizi zina kawaida ya kutafuta sura za watu. Zikiona uso, huuzungushia kisanduku chembamba cha njano ili zijue pa kutazama. Hii ndogo ilisita sekunde moja. Kisha kisanduku kikatokea, juu ya mto wa kijani, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila hewa na ukuta.

Kilikuwa kimeinamia kidogo upande wa kushoto.

Akaishusha. Akafuta lenzi kwa shati. Akailenga tena.

Kipo.

Akafungua boksi la pili kwa meno. Hii kubwa aliisimamisha kwenye stendi yake ya miguu mitatu ili isiwe mkono wake unaoidanganya, akasimama nyuma yake akitazama kioo. Haikusita hata kidogo. Kisanduku kilitokea palepale, kimetulia tuli. Simu mbili tofauti, zimetoka kwenye maboksi yaliyofungwa, hazijawahi kumwona mama yake, na zote zilikuwa zimemwona.

Hapo ndipo siku ile ikamrudia yote, nzima nzima, jinsi ambavyo hakuwahi kumsimulia mtu.

Siku ile nayo simu ilikuwa mpya na jua lilikuwa linazama. Alipiga picha kumi na moja. Nane za kwanza zilitoka na ukungu kwa sababu mikono ya mama ilikuwa ikitetemeka magotini, naye alikasirika, akaona anaaibishwa mbele ya watu. Mama alimwambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kifua kinanibana. Ninyooshe mgongo kidogo?" Na yeye, jicho likiwa kwenye kioo, akajibu, "Subiri, mama. Usitikisike, jua linaisha."

Mama akasubiri.

Picha ya tisa ilitoka safi. Ya kumi safi zaidi. Ya kumi na moja ilikuwa ya ajabu, kila mkunjo wa vidole unaonekana. Alishangilia peke yake, akakimbilia langoni ambako mtandao ulikuwa mzuri, akairusha kabla ya wenzake wote. "Tazameni mikono ilivyotulia," aliwaambia watazamaji. "Hii simu haitetemeki." Dakika ishirini nzima alisimama pale akisoma sifa. Aliporudi ndani kumweleza mama jinsi watu walivyoipenda picha yake, mama alikuwa amekaa vilevile.

Hakuwahi kumwambia, "Basi, mama."

Dada alipofika akilia, alimuuliza kama mama alisema kitu. Alimjibu kwamba mama alipitiwa na usingizi kitini, hakusema kitu. Na dada, maskini, akaichukua picha ya kumi na moja, akaikuza, akaitundika kazini kwake juu ya cherehani, kwa kuwa ndiyo picha ya mwisho ya mama akiwa hai. Bwana Kwanza kila akipita kule hutazama sakafu. Yeye peke yake ndiye anayejua kwamba haikuwa ya mama akiwa hai.

Mwanga dirishani ulikuwa unageuka mwekundu. Alibaki amesimama nyuma ya stendi, na akakumbuka kwamba ile simu ndogo bado ilikuwa inarekodi sauti tangu alipoanza kuzungumza. Akaisimamisha. Akairudisha nyuma kidogo, akaiweka sikioni.

Pumzi zake mwenyewe. Boksi likichanwa. Kimya...

Kisha karibu kabisa na kinasa sauti, kwa unyonge wa mtu aliyechoka kukaa mkao mmoja:

"Nisogee sasa?"

Akaiteremsha simu. Alilia kama ambavyo hakuwahi kulia msibani, maana msibani alikuwa na kazi ya kuficha. Miezi minane. Alikuwa amemwacha mama yake amekaa miezi minane, kifua kikimbana, kwa sababu tu mwanawe alisema asubiri na mama hakuwa mtu wa kumharibia mwanawe kazi. Akabonyeza kurekodi, sijui kwa nini, labda ni mikono tena, kisha akasema kwa kunong'ona, "Basi, mama. Basi. Nisamehe."

Ngi.

Kifupi, kikanyamaza.

Kwenye kioo cha simu kubwa kisanduku kilipanda taratibu, kikafika kimo cha mtu aliyesimama. Kikaanza kwenda kuelekea mlangoni, kikichechemea, kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, jinsi goti lile lilivyomfanya siku zote. Kikatoka nje ya picha. Harufu ya kafuri ilimpitia usoni, nzito, ikasimama mlangoni. Haikutoka.

Alingoja iishe. Haikuisha. Basi akairudisha nyuma rekodi, akasikiliza. Alisikia sauti yake ikiomba msamaha, kiti, hatua mbili tatu za kuburuta. Halafu mama, wala si kwa hasira:

"Mwambie dada yako."

Gari lilisimama nje. Lango likalia, na viatu vya dada vikaja kibarazani. Alisimama mlangoni, palepale, akajikunyata na kusugua mikono.

"Humu bado mnanukia dawa ya mama," alisema polepole.

Akaingia akimtania mdogo wake, eti amekuja kubeba kiti au kukipiga picha, kisha akauona ukuta na kuuliza ni fundi gani huyu anayeacha kipande. Hakuiona ile sura. Kwake lilikuwa doa tu. Alimwona mdogo wake macho mekundu, akaelewa anavyoelewa dada, akaja kusimama mbele yake, mgongo wake kwenye kiti, akamshika bega.

"Nimeshakuuliza hili, najua," alisema. "Siku ile kweli mama hakusema kitu? Kama alisema niambie tu. Sitakasirika."

Bwana Kwanza akafungua mdomo. Maneno yalikuwa yamekaa tayari kabisa. Alisema kifua kinambana, nikamwambia asubiri. Hayo tu, wala hayakuwa mengi.

Lakini dada akaendelea kuzungumza, akatabasamu kidogo. Akamwambia wateja wake kila siku wanaiulizia ile picha juu ya cherehani. Huwaambia, mtazameni mama yangu alivyotulia, alikwenda na amani. Na siku zinazomwia nzito, alisema, huinua macho akaitazama, akaendelea kushona.

Basi akajiambia anamhurumia dada. Akajiambia ni kwa ajili yake. Ndani kabisa alijua anayemhurumia ni nani.

"Hakusema kitu, dada," alijibu. "Alitulia tu."

Harufu ikaondoka mlangoni. Ikawapita katikati, polepole, ikichechemea.

Ngiiiii.

Dada akageuka haraka kutazama kiti. "Nani amekaa?" aliuliza, kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka kuambiwa ni mbao tu.

Yeye hakuinua macho kutoka kwenye simu. Kisanduku cha njano kilikuwa kimerudi juu ya mto wa kijani. Kiliinama kidogo upande wa kushoto, kikatulia, na hakikutikisika tena.