Rangi Zilizompotea Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimpangia mama yake, fundi cherehani, vitambaa vya kushonwa siku hiyo. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mwaka huo mama alipata ugonjwa wa tezi ya shingoni. Macho yake yalitokeza nje, mekundu, yakichuruzika machozi, na kope hazikufungika hata akilala. Alivaa miwani myeusi na kusema yatapita.

Asubuhi moja Chiriku alimkuta akishonea mfuko mwekundu kwenye shati la kahawia.

"Mama, mfuko huu mwekundu."

Mama aliupeleka dirishani, akaugeuzageuza. "Mimi naona rangi ya udongo," alisema polepole. "Jicho la kushoto limefifia, na la kulia limejaa machozi. Usimwambie mtu, mwanangu. Wateja wakisikia, watanikimbia."

Siku mbili Chiriku alinyamaza, hadi wenzake darasani wakamuuliza kama anaumwa jino. Siku ya tatu alimsindikiza mama kliniki, alikopangiwa kupimwa macho kwa sababu ya ugonjwa ule wa tezi.

"Unaona vizuri?" daktari wa macho aliuliza.

"Naona, daktari."

Chiriku alimshika mama mkono. "Nisamehe, mama," alisema. "Daktari, jicho lake la kushoto halioni rangi nyekundu."

Mama aligeuza uso ukutani. Daktari aliweka kalamu chini, akampima upya, kisha akaagiza picha ya kichwa siku hiyohiyo. Picha ilipowashwa kwenye kioo, Chiriku alisahau hata kupumua. Alikuwa akitazama ndani ya kichwa cha mama yake.

"Jicho linakaa kwenye chumba cha mfupa," daktari alieleza. "Misuli ya nyuma imevimba. Imelisukuma jicho nje, na sasa inaubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Tukichelewa, atapofuka."

Mama alilazwa, akatundikiwa dripu ya dawa ya kupunguza uvimbe. Haikutosha. Ikabidi apasuliwe, chumba kile cha mfupa kipanuliwe.

"Mtavunja ukuta wa chumba?" Chiriku alimuuliza daktari kwa sauti ndogo.

"Sehemu yake tu, ili misuli ipate nafasi. Ukuta wenyewe mwembamba kama karatasi."

Chiriku aliitazama mikono ya daktari. Ilikuwa mikono ya kawaida kabisa.

Baada ya wiki kadhaa jicho lilirudi ndani kiasi, na rangi zikaanza kumrudia mama moja baada ya nyingine. Bado wakati mwingine aliona vitu viwili badala ya kimoja, na matibabu yaliendelea. Lakini aliona.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," daktari alimwambia. "Wewe umeokolewa na mwanao kabla ya kilio."

Mama alimvuta Chiriku karibu. "Nilikukasirikia siku ile," alisema. "Zipo siri za kutunza, mwanangu. Ile haikuwa yangu kuificha, wala yako kuibeba."