Abee, Kaka

Tabea aliitika "Abee!" na hakuna aliyekuwa amemwita.

Mama yake, Jackline, alikuwa amepiga magoti sebuleni akimfunga viatu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida pale Sekei, mvua ya masika imegoma kukatika, na watu wanawahi kazini.

"Nani kakuita?"

"Kaka," akasema mtoto.

Jackline alicheka. Tabea alikuwa mtoto wao wa kwanza na wa pekee, ana miaka mitatu, na kaka hakuwa naye. Watoto husema mengi. Alimaliza kumfunga viatu, akambeba, wakatoka.

Katika chumba cha pili, nyuma ya mlango uliofungwa, mumewe Lesian hakucheka. Lesian alikuwa mpiga picha za harusi na kipaimara, na chumba kile ndicho kilikuwa studio yake. Alikuwa ndiyo kwanza amewasha kompyuta, akaandika neno la siri, akabonyeza enta. Papo hapo akaisikia ile abee. Masikioni mwake haikuwa sauti ya mtoto wa miaka mitatu, na yeye aliijua ni ya nani.

Neno lile la siri lilianza hivi. Mpiga picha mmoja wa mjini aliibiwa kompyuta, na picha za bibi harusi akivalishwa zikasambaa kwenye simu za watu hadi Ngaramtoni. Wateja wakaanza kumuuliza Lesian, "Na za kwetu ziko salama?" Ikabidi amtafute rafiki yake Aminiel, fundi wa kompyuta, aifunge diski yote, kiasi kwamba mwizi akiichomoa asione kitu ila vurugu isiyosomeka.

"Usiweke neno moja, weka sentensi," Aminiel alimwambia. "Sentensi ambayo huwezi kuisahau hata ukiwa na homa. Usiiandike popote, usimwambie mtu. Ukiisahau, kaka, mimi sina dawa, na hata aliyeitengeneza hana."

Aminiel akageuza uso ukutani kwa adabu, na Lesian akaandika sentensi ya maneno matatu. La kwanza lilikuwa Soila.

Soila alikuwa mdogo wake wa mwisho. Alitoka kwao Oldonyo Sambu kuja kujifunza ushonaji, akakaa nao pale Sekei, akafia palepale, kwa pumu, saa tisa mchana, katika chumba kilichopakana na studio. Wakamrudisha kwao, wakamzika nyuma ya nyumba ya mama yake. Msibani Lesian alieleza kwamba alikuwa amevaa hedifoni, anamalizia video ya harusi, hakusikia kitu. Watu wakamshika bega. Mchungaji akamwambia asijilaumu.

Sasa kwao, aliyekufa haitwi tena jina. Soila alipozikwa, hata binti wa jirani aliyekuwa na jina hilo alibadilishiwa, na mama yake Soila akawa anasema tu "yule wangu wa mwisho". Kanisani wanakwenda, ushirika wanapokea, lakini jina hawaliiti. Lesian alilijua hilo tangu utotoni. Akajiambia kuandika si kuita, kwamba vidole si mdomo. Mtu akitaka kujidanganya, mwalimu hamhitaji.

Asubuhi ya pili aliandika, na Tabea akaitika. Asubuhi ya tatu vilevile, akiwa na kijiko cha uji mdomoni: "Abee, kaka." Na nyumba nzima ikanuka kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi wa mzeituni, kama Soila alivyokuwa akivifukiza vya mama yake. Nyumba ile haikuwa na kibuyu. Maziwa yao yalitoka dukani, kwenye pakiti.

Mtu mwenye akili angeizima kompyuta ile akaipeleka mbali. Lesian aliizima kweli. Halafu akaiwasha, akaandika tena.

"Abee, kaka."

Akaizima. Akaiwasha.

Hapo ndipo aibu yake ilipo, na hakuna namna ya kuifunika: alipenda kuitikiwa. Alikaa mle ndani macho yamemlowa, akimwita na kuitikiwa, akimwita na kuitikiwa, na upande wa pili wa ukuta mwanawe wa kumzaa alikuwa anakonda. Tabea aliacha kula. Akaacha kugeuka akiitwa Tabea. Siku nzima alikaa chini akiutazama mlango wa studio, mikono mapajani kama mtu mzima anayesubiri zamu yake. Jackline akampeleka hospitali, wakampima masikio na damu, wakasema mtoto mzima.

"Baba Tabea," Jackline alimwambia jioni moja, sauti chini, ingawa mtoto alikuwa amelala. "Humo chumbani unamwita nani?"

"Simwiti mtu."

"Sasa mbona ukifungua hiyo mashine ndiyo mtoto anaitika? Nimekufuatilia. Na mdomo wake unanuka udongo, udongo wa shimo. Naogopa, mwenzangu. Kama ni jini, sema. Kama ni mwanamke, sema pia, afadhali mwanamke."

"Ni uchovu wako," Lesian akasema, akashindwa kumtazama. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Jackline hakubishana. Siku ya soko alikwenda Ngaramtoni, mahali mama mkwe wake alipokuwa akiuza maziwa, akaja naye Sekei siku hiyo hiyo. Mama mkwe huyo, Mama Silantoi, hakuwa mganga. Alikuwa mjane wa Kilutheri mwenye magoti mabovu. Alimpakata mjukuu na kumnusa mdomoni. Asubuhi Lesian akaingia studio, maana kazi za watu zilimsubiri, na huku anajua mama yake yuko sebuleni, akaandika vilevile.

"Abee, kaka."

Kikombe kikaanguka. Mlango wa studio ukafunguliwa bila hodi.

"Umeita nani?" Mama alinong'ona.

"Sijaita, Yeyo. Nimeandika tu, ndiyo paswedi ya kompyuta."

"Umeandika nini?"

"Jina lake."

Hakusema sentensi. Alisema jina tu. Mama akajishika kwenye fremu ya mlango.

"Ukiita jina, anakuja mwenye masikio. Mwenye jina lile amelala, yuko kwa Mungu, masikio ya huku hana tena. Sasa huyu anayeitika kwa sauti ya mwanangu, Lesian, ni nani? Umemfungulia nani?"

Lesian akaondoa mikono kwenye kibodi. Siku zote zile alikuwa analilia sauti ya mgeni.

Akampigia Aminiel, simu ikiwa kwenye spika ili mama naye asikie. Aminiel akamweleza kwamba diski moja inaweza kuwa na sentensi zaidi ya moja, na kila sentensi ni mlango wake. "Ukiweka mpya, ya zamani haifi, inafungua vilevile. Mpaka uiondoe. Na ukiiondoa, mashine itakudai uiandike mara ya mwisho, ijue ni ipi inayokufa."

Lesian akaweka sentensi mpya, mstari wa zaburi.

"Ya zamani umeiondoa?" mama akauliza.

"Nimeiondoa."

Hakuwa ameiondoa. Alidhani akiiacha tu bila kuigusa, haitamdhuru mtu. Ndivyo alivyojiambia.

Mama akamchukua Tabea kwenda Oldonyo Sambu apate hewa na maziwa, na Jackline akafuatana nao. Habari zilizokuja zilikuwa njema: mtoto anakula, mtoto anafukuza mbuzi, ukimwita Tabea anageuka. Lesian akafanya kazi kwa mstari wake wa zaburi, na nyumba ikawa kimya. Kimya hicho ndicho kilimshinda. Jumamosi moja alasiri, ukungu wa Mlima Meru umeshuka hadi kwenye migomba ya jirani, aliizima kompyuta na kuiwasha, akajiambia mtoto hayupo, yuko mbali, nitamdhuru nani, mara moja tu. Akaandika ile ya zamani.

Diski ikafunguka. Hakuna aliyeitika. Feni ya kompyuta ikaanza kuzunguka, ikatoa harufu ya udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi.

Simu ikalia.

"Umeita," mama akasema. Hakuwa anauliza. Alikuwa anahema, na nyuma yake Jackline alikuwa analia akimtaja Yesu. "Mtoto ameacha uji. Ametoka mbio mpaka nyuma ya nyumba. Lesian, anachimba. Anachimba kaburi kwa mikono, na sisi wawili tumeshindwa kumtoa. Anasema kaka amesema njoo. Ulisema njoo?"

"Yeyo, sikuiondoa ile. Nilikudanganya."

"Iondoe."

"Kuiondoa lazima niiandike tena. Ataitika tena."

Akasikia kucha ndogo zikikwangua mawe.

"Andika," mama akasema. "Ila useme kwa sauti kila unachoandika, tujue wakati wa kumshikilia. Nimeweka simu hapa chini, wote tunakusikia."

Angeweza kudanganya hata hapo. Angeweza kutaja maneno mengine mdomoni na vidole viandike yale ya kweli, maana uongo ulikuwa umemzoea. Lakini mtoto alikohoa, kikohozi kifupi cha pumu ambacho Tabea hakuwahi kuwa nacho, na Lesian akaishiwa uongo. Akatoa amri ya kuondoa. Mashine ikamdai.

"Soila," akasema akiandika. "Nakusikia. Njoo."

Akabonyeza enta, na jibu likaja kwenye simu na likaja pia chumbani, nyuma ya kiti chake, karibu kabisa na shingo, "Abee, kaka," pamoja na pumzi baridi yenye harufu ya moshi wa kibuyu na chini ya moshi udongo na chini ya udongo kitu ambacho hakijawahi kuwa mtu, na yeye hakugeuka, alikaza macho kwenye kioo huku kiti kikivutwa taratibu kurudi nyuma yeye akiwa amekikalia, na ile sauti ikirudia abee, abee, abee, ikizidi kuwa nene, ikizidi kuwa si ya Soila, mpaka mstari mmoja mdogo ukatokea kwenye kioo kusema imeondolewa.

Kiti kikasimama. Feni ikatulia.

Kwenye simu, mtoto alianza kulia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumia. "Koko, vidole vinauma," Tabea akamwambia bibi yake. Jackline akamwita jina lake mara nyingi mfululizo, na kila mara mtoto akageuka. Lesian akaweka kichwa mezani akalia na yeye.

"Lesian," mama akaita baadaye. Sauti yake ilikuwa imetulia mno.

"Naam, Yeyo."

"Soila, nakusikia, njoo." Tangu msiba ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jina lile. "Hiyo ndiyo ulikuwa unaandika kila siku?"

"Ndiyo."

"Hilo ni jibu. Mtu anajibu hivyo akiwa ameitwa."

Lesian akaisogeza kando hedifoni yake.

"Kwa hiyo siku ile ulimsikia."

Alikumbuka zile "Kaka! Kaka!" kupitia ukutani. Alikumbuka alivyodhani anamtaka akamnunulie kitu dukani, na mkono wake mwenyewe ulivyoongeza sauti ya muziki wa harusi.

"Nilimsikia, Yeyo," akasema. "Mara zote."

Simu haikukatwa. Alisikia mama akiinuka kwa magoti yake mabovu, akasikia nyayo zao wote zikiondoka na mtoto, hadi pakabaki upepo tu. Walikuwa wameiacha simu palepale kaburini, juu ya udongo uliochimbuliwa. Lesian akabaki ameshika ya kwake sikioni, anasikiliza.