Msemaji wa Wimbo Nambari 412

Wimbo ulipokwisha, mwimbaji alivuta pumzi.

Mtunza kanda aliinua kichwa. Ala zilikuwa zimenyamaza na kanda ilibaki ikizunguka na mkwaruzo wake wa kawaida, lakini ndani ya mkwaruzo ule alisikia pumzi ya mwanamke, ndefu, pumzi ya mtu aliye karibu kusema jambo. Aliirudisha nyuma, akasikiliza tena. Safari hii hapakuwa na kitu. Hakuandika lolote, maana kwake jambo lililosikika mara moja halikuwa kumbukumbu.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika maktaba ya redio, na katika miaka yote hiyo hakuna kadi iliyotoka mikononi mwake ikiwa na pengo. Kila wimbo ulikuwa na kadi yake, na kila kadi mistari mitano: jina la wimbo, mtunzi, wapigaji na mwimbaji, msemaji, maana. Wageni walizoea kumuuliza kwa nini msemaji apewe mstari wake wakati mwimbaji anajulikana. Naye aliwajibu kwa upole kwamba mwanamume mwenye ndevu anaweza kuimba maneno ya mjane, na kadi lazima iseme maneno ni ya nani, si koo ni la nani.

Sasa kanda zote zilikuwa zinaingizwa kwenye kompyuta, kabati baada ya kabati, na Jumatatu ile walifika kabati la chini kabisa, lenye harufu ya udongo mbichi ingawa sakafu ilikuwa kavu. Kadi nambari 412 ilisema: *Nifungulie*. Wapigaji wanne, wote kwa majina kamili. Mwimbaji hakutajwa. Na mstari wa msemaji ulikuwa mtupu. Karatasi mahali pale ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe mpaka mwanga ukapita.

"Mzee wangu, pengo halikubaliki," alisema Mkuu wa Vipindi, mwanamke kijana aliyekuwa na haraka siku zote. "Kompyuta inakataa. Andika chochote."

"Chochote si neno la maktaba."

"Basi andika 'hajulikani'."

Neno hilo alilichukia. Aliliona ni uvivu uliovaa suti. Akaufungulia wimbo tena, wausikilize wote watatu, pamoja na fundi mitambo aliyekuwa ameegemea mlango na kikombe chake cha chai.

*Nifungulie, ni mimi,*
*mlangoni nasimama;*
*nitaje mimi ni nani,*
*niingie kwa salama.*

*Miguu ina baridi,*
*na kinywa changu kikavu;*
*nipe jina, nipe kiti,*
*nizipumzishe mbavu.*

"Mlevi huyo," fundi mitambo alisema. "Kafungiwa nje na mkewe. Kinywa kikavu, jina lake mwenyewe kalisahau. Mimi hiyo hali naijua vizuri."

"Acha upuuzi," Mkuu alicheka. "Ni mtu aliyekaa ugenini miaka mingi. Amerudi, kwao hawamtambui."

Mtunza kanda hakucheka. "Mlevi angelalamika. Msafiri angetaja njia. Huyu hataji njia wala kosa. Ana baridi ya miguu, ana kiu, na hawezi kuingia mpaka aliye ndani amtambue. Aliye hai hasemi hivyo." "Huyu amekufa. Na sauti hii haimwombi mume. Inambembeleza mtoto."

Wale wawili walitazamana. Walijua kwamba miaka miwili nyuma binti yake wa pekee alifariki, akamwachia mjukuu wa miaka mitano. Mzee akachukua kalamu ya wino na kwa mwandiko wake uliosimama wima akajaza: *Msemaji: mama aliyekufa, anayemrudia mwanawe.*

Wino ulinyweka upesi mno, kama maji kwenye mchanga.

Jioni hiyo, akivua viatu kibarazani, alijikuta anaimba wimbo ule chini kwa chini. Mjukuu wake alimsikia. Walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni.

"Babu, nani huyo anaomba kufunguliwa?"

"Ni wimbo tu, mama."

"Najua ni wimbo. Nauliza ni nani."

Jumanne mchana, Chiriku alimwambia bibi yake kwamba kuna mtu anapapasa mlango wa nyuma. Bibi alitoka na ufagio, akaona ua mtupu na nguo kwenye kamba. Jumatano mtoto hakusema kitu, na kwa Chiriku kutosema kitu kulikuwa ugonjwa. Alikaa kwenye kigoda jikoni, uso ameuelekeza kwenye mlango wa nyuma, kama anayesikiliza redio iliyopunguzwa sauti.

Alhamisi mtunza kanda alirudi saa tisa alasiri, akamkuta mkewe anakunja nguo.

"Umemsuka vizuri leo," alisema.

"Nimemsuka nani? Mimi na vidole vyangu hivi vya baridi yabisi?"

Wakamwita mtoto. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyonyooka kama ya daftari, na zilikuwa zimelowa. Bibi alipozigusa, vidole vyake vilinuka udongo mbichi.

"Nani kakusuka?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Nimeambiwa nisiseme."

"Na nani?"

Chiriku alitazama mlango wa nyuma, kisha babu yake, kisha sakafu. "Alipitisha mikono tu. Mwili hauwezi kuingia mpaka nimfungulie."

Ijumaa asubuhi mtunza kanda alifika kazini kabla ya wafagiaji. Kasha la kanda lilisema wimbo una dakika mbili na sekunde arobaini. Saa yake ya mkononi ilihesabu dakika tatu na nusu, kwa sababu baada ya ubeti wa pili fidla haikukoma. Iliendelea, na ile sauti, ambayo sasa aliijua kama anavyojua mlio wa kitasa cha nyumba yake, iliimba ubeti ambao Jumatatu haukuwamo:

*Keti hapa mapajani,*
*nywele zako nizisuke;*
*babu asijue neno,*
*twende, bibi asishtuke.*

Alizima mashine, akasoma majina manne ya wapigaji. Watatu aliwajua kuwa ni marehemu. Wa nne, mpiga fidla, alikuwa fundi saa mtaa wa tatu kutoka pale.

Mpiga fidla hakuinua macho kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua. "Mia nne kumi na mbili," alisema. "Nimekuwa nikingoja mtu aje nayo."

"Nani aliimba?"

"Hakuna. Mwimbaji wetu alikuwa na homa, hakuja. Tulipiga ala tupu, watu wanne chumbani. Kanda iliporudishwa nyuma, sauti ikawamo. Watu huliita jini. Sisi tulikuwa tunaliita mwenzetu wa tano, tupate kulala."

"Hamkutafuta mganga?"

"Tulimleta. Alisikiliza ubeti mmoja, akaomba viatu vyake." Fundi saa hakutabasamu. "Halina umbo, halina jina. Linaomba tu. Mtunza kanda wa kwanza aliandika kwamba msemaji ni mume aliyepotea safarini. Yeye alikuwa amemuoa mjane wa msafiri. Siku ya sita walimkuta yule mama mlangoni, mkono kwenye komeo, amekufa akiwa wima. Na mlango ulikuwa wazi."

"Siku ya sita," mtunza kanda alirudia. Kutoka Jumatatu, ya sita ilikuwa kesho. "Nitakwangua nilichoandika."

"Kukwangua hakutoshi. Likishapewa mtu wa kuwa, halikubali tena kuwa si mtu. Linahamishwa tu. Wewe ulikabidhiwa ofisi na nani?"

Alikumbuka. Mtangulizi wake alikuwa bubu. Kazini walisema ni kiharusi. Siku ya makabidhiano alimshika mkono, akamwonyesha kabati la chini, akatikisa kichwa, akatikisa tena, mpaka machozi yakamtoka.

"Ndiye huyo wa kwanza. Alikwangua, akaandika jina lake mwenyewe," fundi saa alisema. "Liliishi kooni mwake miaka yote ile, naye hakufumbua mdomo. Amekufa mwezi uliopita. Wino wake umekwenda naye."

Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mmoja, kadi ilitoka maktaba, ndani ya mfuko wa koti, pamoja na kalamu na wembe. Hakungoja kesho.

Mkewe alikuwa amelala chumbani. Jikoni kulikuwa na jua la saa kumi, sufuria zimepangwa, bomba linadondosha, na mbele ya mlango wa nyuma alisimama Chiriku juu ya kigoda, mkono wake mdogo kwenye komeo, na chini ya mlango, pale mwanga ulipopaswa kupita, palikuwa na kivuli cha miguu miwili iliyotulia, na maji yalikuwa yanaingia polepole kutoka kwenye kivuli kile, yakinuka udongo.

"Chiriku. Shuka."

"Ni mama, babu."

"Baba," sauti ilisema nje ya mlango. "Na wewe upo? Nifungulieni. Nimesimama sana."

Ilikuwa sauti ya binti yake yenyewe, na kile kikwaruzo chake kidogo cha mafua ya kudumu, na mzee, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akipita mbele ya chumba cha binti yake bila kugeuza kichwa, aliona mkono wake mwenyewe unanyanyuka kuelekea komeo juu ya mkono wa mtoto, na akajua kwamba hakuwa akivutwa na mtu, kwamba alikuwa anataka, kwamba tangu alipoinua kalamu Jumatatu alikuwa anataka, na kwamba angefungua hata kama nje kuna nini, kama si neno moja dogo lililokaa vibaya sikioni mwake. Binti yake hakuwahi kumwita Baba. Tangu ana miaka mitatu alimwita Karani.

"Unaitwa nani?" aliuliza, kama anavyouliza kanda yoyote.

Bomba likadondosha.

"Mama aliyekufa," sauti ilisema, ikapumzika mahali alipoweka mkato, "anayemrudia mwanawe."

Alimshusha mtoto kwa mkono mmoja. Akaitandaza kadi mezani, akakwangua. Nje, kitu kilianza kugonga, polepole, kisha kwa viganja viwili, kisha mlango mzima kuanzia juu hadi chini kwa pamoja, kana kwamba kilichokuwa nje kilikuwa na upana wa mlango. Karatasi ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Aliandika kwa kuibembeleza, majina yake matatu, yote, bila kufupisha hata moja.

Kugonga kukakatika. Kivuli kikaondoka chini ya mlango.

"Mama amekwenda?" Chiriku aliuliza.

Alifungua kinywa kumjibu, akahisi kitu baridi kimekaa nyuma ya ulimi, kimejikunja, kinasubiri. Akafunga kinywa. Akatikisa kichwa kukubali.

Hospitali walisema ni kiharusi. Mkewe alilia wiki moja, kisha akazoea kuongea kwa niaba ya wote wawili. Ile kanda mzee alikwenda kuisikiliza mara moja tu: beti zilikuwa mbili, na sauti ilikuwa ya mwanamume mzee. Akaifungia, akastaafu. Alilala amejifunga kitambaa mdomoni, na mchana hakulala, isipokuwa siku moja tu, Jumapili, kwenye kiti kibarazani, usingizi ukamwiba. Alipozinduka, Chiriku alikuwa amesimama mbele yake.

"Babu, umeimba," alimnong'oneza. "Umeimba ule wa kufunguliwa."

Miezi miwili ikapita. Alasiri moja alitoka kwenda matembezi yake ya kila siku, mguu ukamsumbua, akarudi kabla ya wakati. Alijifungulia kwa ufunguo wake na kurudisha komeo kwa mazoea. Mkewe alikuwa jikoni anakaanga, hakumsikia. Chiriku hakuwapo; alikuwa ametumwa chumvi. Kwenye meza ya sebuleni daftari lake la shule lilikuwa wazi, na mzee aliinama kutazama mwandiko, kwa sababu alimfundisha mwenyewe kuusimamisha wima.

*Kazi ya nyumbani: Chagua wimbo unaoujua. Eleza nani anasema na maana yake.*

Chini yake, kwa wino:

*Msemaji ni babu yangu. Yuko nje. Anaomba tumfungulie.*

Alisoma mara mbili. Kile kitu cha baridi nyuma ya ulimi wake kilijikunjua, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili koo lake lilikuwa jepesi.

Mlango wa mbele uligongwa mara tatu.

"Bibi yake Chiriku," ilisema sauti ya nje, taratibu, na ilikuwa sauti yake yeye, ya kabla ya ugonjwa, hata kile kikohozi kidogo cha kuanzia. "Mke wangu. Nifungulie, nimesahau ufunguo."

Jikoni kitu kilianguka. "Jamani! Mume wangu! Umesema!" Mkewe alipita mbio nyuma ya kiti chake bila kumwona, mikono imejaa unga, analia na kucheka. "Nakuja, mzee wangu, nakuja, ngoja nifungue!"

Alisimama akaangusha kiti. Miguu haikumfikisha. Akafungua kinywa kwa nguvu zake zote ampigie kelele asifungue, na kilichotoka kilikuwa wimbo, naye aliye nje akauitika papo hapo, sauti moja kutoka pande mbili za mlango:

*Nifungulie, ni mimi.*

Komeo likavutwa.