Maua kwenye Reli ya Ngazi

Kila asubuhi, gari la ofisi likishapiga honi nje, Mama alikuwa akimalizia chai yake wima, anatwaa mkoba, na kabla ya kutoka anamwambia binti yake maneno yaleyale.

"Na kumbuka, mama, mambo ya shule yanaishia wapi?"

"Getini," binti anajibu, mdomo umejaa mkate.

"Haya. Siku njema."

Mtu angedhani ni utani wa nyumbani tu. La hasha, ilikuwa amri. Mama alikuwa Kaimu Mkurugenzi wa Elimu wa jiji zima. Shule zote za umma, kubwa kwa ndogo, zilikuwa mikononi mwake: walimu, madawati, vyoo, mpaka chaki. Ukaimu nao ni kazi ya roho juu, maana kiti unakikalia lakini bado si chako. Bodi ya Elimu ndiyo ingeamua kama atathibitishwa au ataletwa mwingine. Kwa hiyo hakutaka mtu aseme binti yake anapendelewa, wala hakutaka walimu wamwogope mtoto. Binti alikwenda shule kwa miguu kama wenzake, na gari la ofisi alilijua kwa nje tu.

Nyumbani walimwita Chiriku. Alipoanza kusema, akiwa mdogo, hakunyamaza tena. Baba yake alipokuwa akirudi likizo kutoka mji aliofanyia kazi alikuwa akiziba masikio kwa mto na kucheka. Shuleni walimwita Mkurugenzi Mdogo, na hilo lilimchoma. Akichelewa, "Mkurugenzi Mdogo hafungwi na kengele." Akipata alama nzuri, "Ah, alama za mama yake hizo." Basi Chiriku wa nyumbani akawa bubu wa shule. Aliyebaki kuwa rafiki wa kweli ni msichana mmoja mrefu, mwembamba, ambaye darasa zima lilimwita Rula.

Sasa sikieni habari ya ngazi. Shule yao ilikuwa na ghorofa moja, na ngazi ya kupandia ilikuwa nje, upande wa uwanjani, yenye reli ya chuma ya kushikilia. Saruji iliyoishika reli ile ilikuwa imemomonyoka chini kwa mvua na miaka. Ukiigusa, inacheza kama jino bovu. Mwalimu Mkuu aliifunga kwa waya, akawaambia watoto wapite upande wa ukutani. Jamani, watoto wa darasa la pili na upande wa ukutani wapi na wapi? Kengele ya mapumziko ikilia, nani anakumbuka ukuta?

Siku moja mdogo wake Rula, kijisichana kisichojua kutembea ila kukimbia, aliegemea reli ili kumwita mwenzake aliyekuwa chini. Waya ukaachia. Chiriku na Rula walikuwa uwanjani, wakaona kwa macho yao. Mtoto alianguka kwa ubavu, na mkono wake ukawa umekunjika pasipo na kiungo.

Mwalimu Mkuu alikuja mbio, akamnyanyua mwenyewe, akampeleka hospitali bila kungoja mtu. Hakuwa mtu mbaya, na ni vizuri tuseme hivyo. Lakini alipowakuta wazazi kule hospitali aliwaambia mtoto ameanguka akicheza. Aliporudi akawaita Chiriku na Rula ofisini, akafunga mlango.

"Mmeona nini?" aliwauliza.

"Reli imeng'oka, Mwalimu," alisema Rula.

"Mmeona mtoto ameanguka akicheza." Alikuwa akijifuta jasho. "Rula, mdogo wako atapona, daktari amesema. Na wewe," akamgeukia Chiriku, "wewe hasa unisikilize. Wiki ijayo mama yako anakuja hapa na Bodi nzima. Wakikuta shule mbovu, watasema aliyeshindwa ni nani? Si mimi. Ni mama yako. Unataka akose kiti kwa ajili ya kipande cha chuma?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Reli itatengenezwa. Wageni wakishaondoka tu, nitaomba mafundi wa jiji. Nikiomba leo, ni kama nimepanda juu ya paa kutangaza aibu yetu. Tumeelewana?"

Wakaitikia. Wangefanya nini?

Rula alivumilia siku mbili tatu. Kisha, wakitoka shule, akasimama katikati ya njia.

"Mdogo wangu analia akigeuka kitandani. Mama anamgombeza kila siku, eti mtoto gani huyu asiyetulia. Akitaja reli haaminiwi, na mimi nilishaitikia kwa Mwalimu Mkuu. Na wewe unakula meza moja na mkuu wa shule zote za mji huu, unashindwa kufungua mdomo?"

"Mama amenikataza."

"Amekukataza umbea. Kwani amekukataza na ukweli?"

"Akikosa kiti je?"

"Mwingine akianguka je?"

Rula akaondoka kwa hatua zake ndefu, na kwa mara ya kwanza hakugeuka kumpungia.

Jioni ile Chiriku alipiga moyo konde. Mama alikuwa mezani jikoni, viatu amevivua, anapanga ratiba ya ziara huku supu ikimpoa mbele yake. Macho yalikuwa mekundu kwa uchovu.

"Mama, shuleni kwetu..."

"Mambo ya shule yanaishia wapi?" Mama aliuliza bila kuinua kichwa, akitabasamu.

Chiriku alijibu: "Getini."

"Ndiyo mwanangu huyo. Niombee tu hizi siku zipite."

Basi neno lile likarudi tumboni.

Siku ya ziara, shule iling'aa mpaka ukashindwa kuitambua. Mawe ya njiani yalipakwa chokaa. Vyoo vilivyofungwa muhula mzima vilifunguliwa, vikanukia dawa. Na reli ya ngazi? Loh! Ilivishwa maua kutoka juu mpaka chini, ya njano na mekundu, na utepe ukazungushwa, ikawa kama reli ya ukumbi wa harusi. Chini ya maua ule waya ulikuwa umekazwa upya. Mwalimu Mkuu alikuwa amepanga kila kitu: wageni wabaki chini, wasomewe risala, waimbiwe, wanywe soda, waage. Ngazini asipande mtu.

Risala aliisoma Chiriku. Kila alipofika penye "shule yetu ni salama na ya kupendeza," alikohoa, akaendelea. Mama alikaa mstari wa mbele, mikono magotini, akimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi yeyote. Kando yake alikaa Mwenyekiti wa Bodi, mzee mnene mcheshi, aliyepiga makofi hata mahali pasipostahili.

"Safi sana!" alisema Mwenyekiti risala ilipokwisha. "Mkurugenzi, shule zako zote zingekuwa hivi! Sasa nataka picha. Ile ngazi yenye maua pale, nimeipenda. Watoto wadogo, haya, pandeni wote mjipange pale, mshike maua, mtabasamu!"

Mwambie mtoto wa darasa la pili apande ngazi kupigwa picha, uone kama utamzuia. Walitimka wote kwa pamoja. Chiriku alimtazama Mwalimu Mkuu. Aliona mdomo wake umefunguka, na hakuna kilichotoka. Alimtazama Mama, anatabasamu. Alitazama ngazi: wa kwanza wameshafika katikati, wanasukumana kugombea nafasi penye maua.

Hapo hakukumbuka geti, wala kiti, wala jina la Mkurugenzi Mdogo.

"Msishike reli!" alipiga ukelele uliomshtua mwenyewe. "Rudini ukutani! Ukutani wote! Haijashika hiyo, mtaanguka!"

Rula alikuwa ameshachomoka mstarini, anapanda ngazi, anawabandua watoto mmoja mmoja na kuwabana ukutani kwa mikono yake mirefu. Walimu wawili wakamfuata. Mtoto wa mwisho akashushwa salama.

"Kuna nini?" Mwenyekiti aliuliza. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

Mama aliinuka polepole. "Mwanafunzi," alisema, na sauti ilikuwa ya ofisini, "sogea hapa. Sema."

"Imefungwa na waya," alisema Chiriku, machozi yakimtiririka. "Chini ya maua. Mdogo wake Rula hakuanguka akicheza. Alianguka pale. Nilitaka kukwambia, Mama, ukaniuliza mambo ya shule yanaishia wapi."

Mama alikwenda mpaka kwenye ngazi kwa viatu vyake vya ziara, akayachambua maua kwa mkono wake mwenyewe, akauona waya. Akaishika reli na kuitikisa. Chuma kizima kilicheza, na maua yakapukutika kwenye saruji.

"Mwalimu Mkuu," aliita.

Mwalimu Mkuu alisogea akiwa amenywea kama aliyemwagiwa maji. "Kosa ni langu, Mheshimiwa. Nimewadanganya wazazi, na hawa watoto nimewafundisha kudanganya. Sina la kujitetea."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwalimu Mkuu aliwatazama walimu wake. Walimu walitazama chini.

"Kile kikao chako cha kwanza na wakuu wa shule, Mheshimiwa. Mwenzetu mmoja alisimama kueleza paa lake linavuja. Ukamwambia akae. Ukasema mkuu anayekuja kwako na matatizo hajui kazi yake, wewe unataka kusikia matokeo. Tangu siku hiyo hakuna aliyesimama tena."

Chiriku alimwona mama yake akishika ile reli mbovu kama mtu anayetafuta pa kujizuia, kisha akaiachia. Mwenyekiti alikuwa pale pale, anasikia kila neno. Mama angeweza kukana. Angeweza kumfokea yule mwalimu, mambo yakaishia hapo, na kiti kikawa chake.

"Nilisema," alisema Mama. "Nilitaka waniogope, nikidhani ndiyo uongozi. Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu atawajibika kwa uongo wake. Lakini aliyewafunga midomo ni mimi, na hilo nitaliandika mwenyewe kwenye taarifa ya leo."

Soda hazikunywewa. Ngazi ilifungwa saa ileile, madarasa ya juu yakahamia chini ya turubai uwanjani, na Mama akaomba apelekwe kwa kina Rula.

Chiriku alifuatana naye. Mtoto alikuwa amekaa mkekani, mkono umefungwa plasta, anachora kwa mkono wa kushoto. Mama alimsalimu mama yake Rula, akamweleza yote bila kupunguza neno, akamwomba radhi. Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto.

"Hukukosea," alimwambia. "Reli ilikuwa mbovu, na wakubwa tulijua, au tulitakiwa tujue. Pole sana, mwanangu."

Mama yake Rula alijifunika uso kwa kanga. "Nimemgombeza kila siku," alisema. "Kila siku, jamani, na mtoto hana kosa."

Walipofika nyumbani, Mama alivua viatu, akakaa.

"Umenikasirikia, Mama?"

"Nimejikasirikia. Ile amri ya geti niliitunga nikulinde wewe, kumbe nilikuwa najiziba masikio. Ofisini nimewaziba watu wazima, nyumbani nimekuziba wewe. Sasa nani aniambie?"

"Na kiti je?"

"Kiti ni kiti, mama. Leo ningeweza kukipata kwa picha, na kesho nikazika mtoto wa mtu." Alimvuta, akamkumbatia.

Kiti hakukipata. Bodi ilimleta mkurugenzi kutoka kwingine, na Mama akarudi kwenye unaibu wake wa zamani. Alilia siku moja, mchana, chumbani, na hakuficha. Kesho yake alimwomba mkurugenzi mpya jambo moja tu: apewe kazi ya kukagua majengo, na ziara zake zisitangazwe. Alikubaliwa. Mwalimu Mkuu naye alivuliwa ukuu, akapangiwa kufundisha hesabu palepale shuleni. Wengi walidhani ataomba uhamisho kwa aibu. Hakuomba.

Reli mpya ilichomelewa, saruji ikamwagwa, ikaachwa ikauke vizuri. Asubuhi ya kufungua ngazi, Mama, sasa Naibu Mkurugenzi, aliingia kwa geti dogo la nyuma bila honi wala mapokezi, akawakuta wanafunzi mstarini. Mdogo wake Rula, aliyekuwa ametolewa plasta, alisimama chini ya ngazi na kukataa kupanda. Mkono wake aliuficha nyuma.

Mwalimu aliyekuwa Mkuu alitoka kati ya walimu. Akapanda mpaka katikati, akaiegemea reli kwa uzito wake wote, akairuka-rukia kama mtoto. Haikutikisika. Akashuka, akamwinamia yule mdogo.

"Safari hii sikudanganyi," alisema.

Mtoto akatoa mkono, akaishika reli, akapanda kidato kimoja, na kingine, mpaka juu.

Naibu Mkurugenzi aliwageukia wanafunzi. "Mmeona," alisema. "Uongo wetu ulikuwa mzuri kwa macho, ulikuwa na maua, na ulifunika reli iliyovunja mkono wa mtoto. Mkiona kitu kibovu, semeni. Aliye mkubwa akikasirika, semeni tena, kwa mwingine. Mkija kuwa wakubwa ninyi, msimkalishe chini mtu aliyesimama kuwaambia ukweli. Mimi nilimkalisha, na nimewaeleza ili msinifuate." Akavaa miwani. "Haya, sasa nionyesheni. Nini kingine kimeharibika hapa?"

Walitazamana. Mkono wa kwanza kunyanyuka ulikuwa wa Chiriku.

"Vyoo, Mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka getini. "Vimefungwa tena tangu siku ile."

"Twende," alisema mama yake, na shule nzima ikawafuata.