Kibao cha Bati Kwenye Banda la Kuku

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, Fundi Spoku hufungua mlango, humshukuru Mungu kwa kuamka salama, kisha hutoa vifaa vyake barazani. Hutoa pampu, spana, kopo la gundi, na beseni la maji la kutafutia tundu la pancha. Baiskeli mbovu huziegemeza ukutani. Jina lake la kweli watu wamelisahau. Hata mama yake mzazi humwita Spoku anapokuwa na haraka.

Anaishi katika vyumba viwili vya kupanga. Anaishi na mke wake, Mama Mapacha, binti zao wawili, na mama yake mzee, ambaye mtaa mzima humwita Bibi. Wamekaa hapo miaka kumi na mmoja. Mapacha walizaliwa hapo. Walipohamia, mama mwenye nyumba aliwaambia, "Kaeni tu, nyinyi ni watu wangu." Hakuna aliyeandika chochote.

Mbele ya baraza palikuwa na kiwanja kitupu. Katikati yake ilipita njia ya miguu. Watoto waliipita kwenda shule. Wagonjwa waliipita kwenda zahanati. Wateja wa Spoku walisukuma baiskeli zao kwa njia hiyo hiyo.

Siku moja walikuja watu watatu na gari. Walipima kiwanja, wakasimika nguzo mbili, wakagongelea kibao cha bati chenye maandishi mengi. Habari zikaenea mtaani kabla hata gari halijaondoka. Linajengwa duka kubwa la vyakula! Lina milango ya vioo, lina mafriji, lina sehemu ya kuegesha magari.

Mchana wa siku hiyo hiyo mama mwenye nyumba alifika. Alikataa kiti. Aliangalia dari, akaangalia kuta.

"Spoku," alisema, "duka likifunguliwa, mtaa huu hautakuwa kama zamani. Watakuja watu wenye magari yao. Itabidi niikarabati nyumba niwapangishe hao. Muanze kujiandaa taratibu."

"Tujiandae kwenda wapi, mama?"

"Mungu ni mkubwa," alijibu, akaenda zake.

Spoku alibaki ameshika spana mkononi. Siku ile alikaza nati moja mpaka ikakatika.

Jioni watu walikusanyika kwa Kinyozi, jirani yake wa ukuta mmoja. Kinyozi naye alikuwa mpangaji wa mama yule yule. Kila mtu alisema lake, lakini sauti ya Spoku ilizidi zote.

"Duka halijengwi! Likijengwa, sisi wote tunatupwa nje kama maji machafu!"

"Mimi nalitaka hilo duka," alisema Bibi kutoka kwenye kigoda chake.

"Mama!"

"Nalitaka. Kwenda kununua unga na kurudi ni saa nzima. Nyinyi mmefanya mkutano, lakini magoti yangu hamkuyauliza."

"Mama, likija duka tunafukuzwa!"

"Basi pingeni kufukuzwa. Unga umewakosea nini?"

Watu walicheka. Hakuna aliyeyatafakari maneno yale.

Kesho yake alfajiri, Spoku alikwenda kiwanjani na koleo lake. Aling'oa kile kibao. Mvua ilikuwa inaingia kwenye banda lake la kuku, na bati lile lilikuwa zuri na jipya. Akaligongelea bandani, maandishi yakiwa upande wa ndani, ili mtu asilitambue.

Watu walipoamka wakakuta nguzo tupu.

"Wamekimbia!" alipiga kelele Kinyozi. "Wamesikia sauti zetu!"

Spoku aliamini kuwa bila kibao hakuna duka, akawaacha washangilie. Kwa siku kumi na sita alitembea kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama Mapacha alikuwa anasoma darasa la jioni la watu wazima, mwezi wa saba sasa. Kama wengi walioanza kusoma ukubwani, alikuwa na njaa ya maandishi. Alisoma karatasi za sabuni. Alisoma chupa za dawa. Alisoma hata gazeti la zamani lililofungiwa misumari. Spoku yeye aliacha shule darasa la pili. Alichoweza kusoma vizuri ni namba za matairi.

Jumanne moja mchana, Mama Mapacha aliinama kuingia bandani kuokota mayai. Alikaa humo muda mrefu mno.

"Baba Mapacha, hebu njoo."

"Nimeshika mnyororo!"

"Uachie. Njoo."

Spoku alikuja akijifuta grisi. Mke wake alikuwa amechuchumaa katikati ya kuku, kidole chake kiko juu ya bati.

"Umelipata wapi hili?"

"Bati tu hilo."

"Bati tu? Nisikilize." Akaanza kusoma, neno moja moja. "Taarifa kwa umma. Kuna ombi la kujenga duka la vyakula katika kiwanja hiki. Mwenye maoni au pingamizi ayalete kwa maandishi katika ofisi ya mipango. Siku ya mwisho, tarehe ishirini na nane." Aligeuka. "Leo ni tarehe ngapi?"

Spoku alijua. Ilikuwa tarehe ishirini na tano.

"Kwa hiyo hawakukimbia?"

"Wakimbie waende wapi? Walikuwa wanatusubiri tuseme. Na wewe ukatuziba midomo sote. Wiki mbili na zaidi, waliosoma tangazo hili ni kuku peke yao."

Spoku alikaa chini, palepale penye kinyesi cha kuku. Mke wake aliweka mayai kando, akafumba macho kidogo. Alikuwa anamwomba Mungu ampe ulimi mpole, kwa maana aliokuwa nao wakati ule haukuwa mpole.

"Kesho asubuhi tunakwenda ofisini," alisema. "Wote wawili. Na kibao tunakibeba."

Ofisi ya mipango ilikuwa chumba kirefu chenye mafaili mpaka darini. Afisa aliyewapokea alikuwa binti mdogo kwao kwa umri.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alikiangalia kibao, akaangalia kinyesi kilichokauka pembeni, akaangalia viatu vya Spoku. Hakucheka, ingawa ilimgharimu.

"Baba, umeng'oa kibao, lakini ombi hujaling'oa. Ombi liko humu." Aligusa faili moja. "Mwenye duka hakupungukiwa na kitu. Kibao kile kilikuwa haki yenu nyinyi wa mtaani. Na kung'oa tangazo la umma ni kosa. Leo hii kirudishe mahali pake."

"Nitakirudisha. Lakini mwanangu, sisi hatulitaki duka. Si mkatae tu?"

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu hatulitaki."

"Mwenzako atakuja aseme analitaka. Nimsikilize nani?"

Spoku alimkumbuka mama yake kwenye kigoda.

Afisa alivuta kiti karibu. "Nieleze. Duka likijengwa, wewe utaumia wapi hasa?"

"Njia itazibwa. Wateja wangu hupita pale. Njia ikizibwa hawafiki, na wasipofika sina kodi ya nyumba. Tena mama mwenye nyumba anataka kututoa."

"Sawa. Hapo kuna mambo mawili. Tuyatenganishe. Njia ni jambo letu, ofisi hii. Andikeni barua. Semeni njia ina urefu gani, wanapita watu wangapi, ikizibwa watazunguka umbali gani. Kisha semeni mnataka nini. Msiandike mmekasirika tu. Kila mtu aweke jina, namba ya nyumba na sahihi. Leteni nakala mbili. Moja nitaigonga muhuri mwondoke nayo, ndiyo ushahidi wenu."

"Na la nyumba?" aliuliza Mama Mapacha.

"Hilo si la duka, mama. Hata duka lisipojengwa, mtu asiye na mkataba wa maandishi anaweza kuambiwa ahame wakati wowote. Mwombeni mama mwenye nyumba mkataba. Uandikwe mtakaa muda gani, kodi itapanda lini, na mkitakiwa kuhama mtapewa taarifa ya miezi mingapi. Na mwombeni sasa hivi. Ujenzi ukianza kutakuwa na vumbi na kelele mwaka mzima. Nani atakuja kupanga hapo? Nyinyi ndio mtakaobaki. Yeye pia anawahitaji. Mkikwama, kuna dawati la wapangaji, chumba cha tatu hapo nje. Huduma ni bure."

Mama Mapacha aliandika yote kwenye daftari lake la darasani. Aliandika polepole, na afisa alimsubiri.

Usiku ule Spoku alikirudisha kibao kwenye nguzo zake. Alhamisi ilikuwa siku ya kazi. Spoku alichukua gurudumu la inchi ishirini na nane, akalitia alama ya chaki kwenye tairi. Alijua gurudumu hilo likizunguka mara moja limekwenda mita mbili na robo hivi, pungufu kidogo. Akalisukuma juu ya njia, akihesabu kila alama ilipogusa chini. Kukata kiwanja ilikuwa mizunguko themanini. Kuzunguka kwa barabara kubwa ilikuwa mizunguko mia tatu na tisini. Njia ikizibwa, mgonjwa angetembea karibu mara tano.

Bibi naye hakukubali kuachwa. Alikaa barazani tangu alfajiri na mabakuli mawili. Kila mtu aliyepita kiwanjani, Bibi alihamisha punje moja ya mahindi.

"Nisemesheni baadaye!" aliwafokea waliomsalimia. "Mtanipotezea hesabu!"

Mpaka saa sita mchana zilipatikana punje mia nne na kumi na mbili.

Jioni watu walijaa tena kwa Kinyozi. Spoku alisimama. Mkutano ule alikuwa ameuombea tangu asubuhi, maana alijua kitakachomtoka.

"Jamani, kibao hawakukitoa wenye duka," alisema. "Nilikitoa mimi. Kilikuwa kinatwambia siku ya mwisho ya kupeleka maoni. Siku yenyewe ni kesho. Nimewakosea. Naomba mnisamehe."

Mama mmoja muuza mkaa akasema, "Yaani kuku wako wana habari, sisi hatuna!"

"Ndiyo maana wanataga vizuri," alisema Kinyozi. "Wamesoma!"

Kicheko kilivunja ubaridi, ingawa wachache waliendelea kununa, na walikuwa na haki ya kununa. Mama Mapacha alisoma rasimu ya barua. Haikusema "Hatutaki duka." Iliomba njia ibaki wazi, upana wa mita tatu. Iliomba malori yasishushe mizigo wakati watoto wanakwenda au wanatoka shule. Iliomba wauzaji wadogo wa mtaa wapewe sehemu kando ya ukuta.

"Hapo hata mimi natia sahihi," alisema Bibi. Hakujua kuandika. Alitia dole gumba.

Waliotia sahihi walikuwa hamsini na watatu. Ijumaa saa tatu asubuhi barua iligongwa muhuri.

Wiki tatu baadaye waliitwa ukumbini kusikilizwa. Mwenye duka alikuja na mchoraji wake na ramani kubwa. Mwenyekiti alimwita Spoku. Alitaja namba zake moja baada ya nyingine, jinsi alivyozipima.

"Umepimaje?" aliuliza mchoraji.

"Kwa gurudumu la baiskeli, bwana. Na watu tumewahesabu kwa mahindi."

Mchoraji alitoa kikokotoo chake, akapiga hesabu juu ya ramani. Akapiga tena. "Amekosea kwa mita nne tu," alimwambia mwenyekiti.

Kibali kilitolewa, lakini kwa masharti. Njia ibaki, upana wa mita mbili na nusu, yenye taa. Malori yashushe mizigo baada ya saa nne asubuhi, na yasishushe wakati shule inatoka. Wauzaji wadogo walipata nafasi nane. Waliomba kumi na tano. Saba hawakupata, na mmoja wao alihama mtaa.

Kuhusu nyumba, Mama Mapacha alikwenda mwenyewe kwa mama mwenye nyumba, na karatasi mkononi.

"Mama, miaka kumi na mmoja tumekutunzia nyumba. Paa likivuja, Baba Mapacha hupanda. Ujenzi unaanza, vumbi litakuwa jingi. Sisi tutalivumilia. Tuandikie miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Mwanangu, unanifunga mikono."

"Basi miwili. Na kodi ipande kidogo mwaka wa pili, ila uiandike hapa kiasi gani. Na taarifa ya miezi mitatu kabla ya kuhama."

Mama mwenye nyumba aliisoma ile karatasi mara mbili. Alifikiria vyumba vitupu na vumbi. Akaomba kalamu.

Kinyozi aliambiwa afanye vivyo hivyo. "Mimi na mama yule ni ndugu," alisema. "Nitamwandikishaje ndugu?"

Duka lilifunguliwa. Unga sasa uko dakika tano, na Bibi huenda mwenyewe, hata siku ambazo hauhitajiki. Miezi miwili baadaye Kinyozi alipewa wiki mbili ahame. Chumba chake kilichukuliwa na kijana mwenye gari. Spoku alimsaidia kubeba kiti chake cha kunyolea mpaka mtaa wa tatu, na njiani hawakuongea sana.

Kisha Jumamosi moja lilisimama gari jeupe barazani. Mama mwenye nyumba alishuka na bwana mmoja na mkewe. Yule bwana aliziangalia baiskeli, akauangalia mlango.

"Na hivi vyumba viwili?" aliuliza. "Naweza kulipa hata leo."

Spoku alikuwa anatia kiraka kwenye mpira. Alimtazama mke wake aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba, naye mke wake alimtazama mama mwenye nyumba.

Mama mwenye nyumba alikohoa.

"Hivi havipo," alisema. "Hawa wana mkataba. Bado miezi minane. Twende nikuonyeshe kwingine."

Gari likaondoka. Spoku akaubana mpira kwenye beseni, akatazama majini. Hakuna povu lililotoka.

"Walikuwa wanataka nini wale?" aliuliza Bibi kutoka ndani.

"Walikuwa wanatafuta nyumba, Mama."

"Mmewaambia nini?"

"Hatukusema kitu," alijibu Spoku. "Mwenye nyumba amesema mwenyewe."

Mama Mapacha alikunja shuka la mwisho, akasema kimya kimya, "Asante, Mungu," huku ameinua macho juu, kisha akaingia ndani kuiepua sufuria motoni.