Ningemuua Huyu

Kuna mtu alikuwa amekisoma kitabu chake akampita. Asenath Wekulo alilijua hilo mara tu alipokifungua kitabu, kwa sababu yeye si mtu wa kukunja kurasa. Huweka kipande cha uzi mwekundu pale alipoishia, na uzi huo alikuwa ameuacha kwenye sura ambapo mvulana anafukuzwa shule. Sasa ulikuwa umesogea hadi karibu na mwisho, umenyooshwa vizuri, na pembe ya ukurasa ilikuwa na unyevu, ule unyevu wa kidole kilicholambwa.

"Nerima! Nani amekwambia uguse kitabu changu?"

"Siz, mimi?" Nerima alicheka huko nje kwenye kamba ya nguo. "Mimi na vitabu tulikosana kitambo. Labda ni panya wa mtaa huu wa Jericho wameanza kusoma."

Asenath akacheka pia, yakaisha.

Nerima alikuwa mdogo wake wa pekee, yuko kidato cha tatu, mrefu, mchekaji, mwimbaji wa kwaya ya kanisa. Mama yao, aliyebaki Webuye, alimkabidhi Asenath binti huyo baba yao alipofariki. Na Asenath, ambaye hakuwa na mume wala mtoto wala hamu ya kuwatafuta, alimpenda kuliko alivyowahi kupenda kitu chochote chenye damu.

Mchana Asenath alipiga chapa hati za kesi katika ofisi ya wakili mmoja karibu na mahakama za Makadara. Jioni alikuwa mtu mwingine. Alisoma riwaya za vijana: za wasichana wa bweni, za wavulana wa mpira, za mapenzi ya kwanza yanayoishia kwa barua zenye machozi. Alizinunua kuukuu kando ya Jogoo Road, akazipanga chini ya kitanda mpaka kitanda kikainuka, na kila wiki aliandika uhakiki wa moja katika ukurasa wake mtandaoni. Wafuasi walikuwa maelfu. Tena usidhani walimfuata kwa upole wake, maana upole hakuwa nao.

Kila uhakiki ulimalizikia kwa kichwa kimoja: Ningemuua Huyu. Hapo Asenath alimchagua mhusika ambaye mwandishi amemwonea huruma, akaeleza jinsi ambavyo yeye, Asenath, angemfisha. Hivi vitabu vya vijana, alisema, vimejaa sukari, na mtoto hakui kwa sukari. Wasomaji wake waliruka uhakiki wote na kukimbilia hapo chini. "Niambieni, nimuue nani?" aliwauliza kila mara, nao wakamjibu kwa mamia.

Kile kitabu cha uzi mwekundu kilikuwa na kijana golikipa aitwaye Obonyo, mwenye tabia njema hadi inachosha. Asenath aliandika: "Ningemuua Obonyo. Ndani ya pipa la maji, kichwa chini, kamba za viatu zikiwa zimefungwa vizuri."

Kabla wiki haijaisha, mzee Obonyo wa nyumba ya pembeni, mstaafu wa reli, alikutwa na mkewe amekufa, ameinamia pipa lao, kichwa kimo ndani. Watu wakasema ni presha, ameinama kuchota maji akaanguka. Asenath alienda matanga, akaimba na akina mama, akachanga. Viatu vya marehemu aliviona vimewekwa mlangoni. Hakuna aliyekuwa amezifungua zile kamba, na zilikuwa zimefungwa vizuri sana.

Na hili ndilo jambo baya zaidi kumhusu. Aliporudi nyumbani alikifungua kile alichoandika, akakisoma tena, na chini ya hofu yake alisikia utamu kidogo, utamu wa mtu aliyebahatisha. Hakumwambia mtu yeyote. Alichukua kitabu kingine.

Kitabu hicho kilitungwa na mwanamke wa kwao, na kilihusu dada wawili mayatima. Mkubwa anauza samaki ili mdogo asome. Mdogo jina lake lilikuwa Nerima, jina la kawaida tu kwao, huwezi kurusha jiwe huko Bungoma usimpate Nerima mmoja. Asenath alikisoma akalia machozi ya kweli, kwa sababu kilikuwa kitabu kizuri na kilimgusa pale pale. Lakini wasomaji walikuwa wanangoja damu, naye alikuwa na aibu ya kuonekana amelia.

Aliandika: "Ningemuua Nerima. Lakini si haraka. Sauti itangulie, kisha macho, kisha pumzi. Na dada yake awe ameketi hapo hapo, akitazama."

Akampa mdogo wake simu asome.

"Aki wewe ni mnoma," Nerima alisema, akicheka kwa nusu tu. "Si hata ungebadilisha jina?"

"Jina ni la mwandishi, si langu. Ni hadithi, wewe."

"Sawa. Lakini nikidedi, nitarudi nikusumbue."

Asubuhi iliyofuata Nerima alifungua mdomo kusalimia na hakuna kilichotoka. Si kwamba sauti ilikwaruza, la. Ilikuwa haipo. Daktari wa zahanati alimmulika kooni akasema ni mafua, anywe maji ya moto. Wakarudi nyumbani. Asenath alipofungua mlango alikutana na harufu ya gundi ya vitabu vipya na, ndani ya harufu hiyo, harufu ya nywele zilizoungua. Chini ya kitanda kitu kililamba kidole, na ukurasa ukafunuliwa.

Nerima alimshika mkono. Naye alikuwa amesikia.

Asenath aliufuta ule uhakiki pale pale mlangoni, akaona umefutika kabisa. Akapumua. Lakini jioni, alipokuwa akimmenyea Nerima ndizi kwa sababu chakula kigumu kilimshinda, alisikia mtu akisoma kwa sauti ya chini katika chumba kile kingine, akisoma bila haraka, kwa ladha, anavyosoma mtu anayependa kusoma, na maneno yalikuwa yake mwenyewe Asenath, sauti itangulie, kisha macho, na kila yalipofika kwenye macho yule msomaji alisita, akalamba kidole, akarudi mwanzo, na Nerima aliyekuwa ameketi mbele yake akaanza kupepesa, akapepesa tena, akapeleka mkono kwenye sahani akaikosa, akapeleka tena akaikosa, kisha akaugeuza uso wake huku na huku akitafuta ni wapi alipo dada yake, na dada yake alikuwa pale pale, ameketi, akitazama.

Kulipopambazuka alimkimbilia Patrobas.

Patrobas alikuwa nabii wa kanisa la ngoma huko Shauri Moyo, mwenye kanzu nyeupe na koo la kuendeshea mnada. Alijipenda sana, na simu ililia mara mbili katikati ya maombi naye akaipokea mara zote mbili. Lakini alipoingia katika nyumba ile ya Jericho akainusa, aliizima simu mwenyewe. Nerima alikuwa amelazwa, macho wazi, meupe kama maziwa, kifua kikipanda na kushuka kwa shida.

"Wewe uliye humu," Patrobas alisema, "ni nani?"

"Msomaji," ilijibu sauti kutoka chini ya kitanda. Ilikuwa sauti ya adabu, tena ya Nerima, ile aliyoipoteza.

Asenath alijiziba mdomo kwa kanga.

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa, nilialikwa. Kila wiki huyu huuliza, nimuue nani? Nami hujibu na wengine. Sijawahi kukosa hata wiki moja."

"Toka katika jina la Bwana!"

"Nitatoka, mchungaji. Nyumba yenyewe ina baridi. Lakini nani huondoka katikati ya hadithi?"

Patrobas alipiga ngoma mpaka kanzu ikalowa. Kisha alimvuta Asenath hadi nje, kwenye ngazi ya mlango, akamnong'oneza.

"Dada, hili halitoki leo. Nitawaleta wazee wa kanisa, tufunge, tuombe, zamu kwa zamu. Litachoka. Unaona linavyoenda polepole? Hilo jina ni la watu wengi. Halijamshika sawasawa. Anaweza kupona, lakini itatubidi tungoje."

"Tungoje vipi? Hapumui vizuri! Mimi nikae hapo nimtazame?"

"Ukae umtazame. Ndiyo dawa."

"Hapana," Asenath alisema, na machozi yakamtoka. "Hilo ndilo nililoliandika. Siwezi."

Akaingia ndani, akapiga magoti sakafuni mbele ya kile kitanda. "Nikibadilisha jina?" aliuliza.

Kisha kidole kililambwa.

"Mwandishi ana ruhusa," ilisema sauti ya Nerima. "Ila kifo lazima kiwepo. Umetuzoesha hivyo."

"Usifanye biashara na hicho kitu!" Patrobas alifoka. Halafu akaongeza kwa haraka, "Na jina langu usilitaje."

Asenath alichukua simu. La kwanza alilotaka kuandika ni lake mwenyewe, na hilo tumpe, alilitaka. Aliandika herufi ya kwanza, akaandika ya pili. Kisha akalifikiria pipa la mzee Obonyo, akawaza vitabu vyake na asubuhi ya kesho, na kidole kikagoma. Alizifuta zile herufi akijichukia. Akawaza majirani, mmoja mmoja, na alikuwa amefika kwa mwanamke fulani wa bombani ambaye hampendi, wakati lilipomjia wazo alilodhani ni la rehema. Kwa nini amtoe aliye hai? Si wapo waliokwisha kufa?

Mama wa nyanya yake aliitwa Namaemba. Alizikwa nyuma ya migomba kabla Asenath hajazaliwa, na Asenath hakumjua mtu hata mmoja katika dunia nzima mwenye jina hilo la kizee. Jini liende likamuue aliye kaburini, wakutane huko.

Aliandika: "Ningemuua Namaemba. Mara moja, bila maumivu, akiwa na furaha." Ilikuwa mara ya kwanza kwake kumwonea mhusika huruma. Akautuma.

Ile harufu ikakatika. Nerima akavuta pumzi ndefu, akapepesa, na weupe ukayatoka macho yake.

"Siz," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, "mbona mnaniangalia hivyo? Na huyu buda wa kanzu ni nani?"

Asenath alimkumbatia akalia kwa kelele hadi majirani wakaja mlangoni. Patrobas aliinua mikono, akawatangazia wote kwamba Bwana ametenda kupitia kwake, akaimba nyimbo mbili, akawasha simu yake na kwenda zake.

Alasiri jua liliingia sebuleni. Nerima alisema ana njaa ya watu wawili, akakataa kabisa kupikiwa, akaenda jikoni kukaanga mayai, akiimba wimbo wa kwaya kwa sauti iliyojaa nyumba yote. Asenath alikaa kwenye kochi akamsikiliza. Hakuwahi kusikia kitu kizuri namna ile. Akampigia mama yao Webuye, akamweleza yote bila kujitetea, tangu uhakiki hadi nabii, hadi jina.

"Mungu ni mkubwa," mama yake alisema akilia. "Na ni jina gani ulilolipa?"

"La mtu aliyekufa zamani, Mama. Namaemba."

Mama yake akaacha kulia ghafla.

"Mama?"

"Nani alikwambia jina hilo?"

"Si ni la mama yake nyanya?"

"Wewe ulikuwa shule ya bweni alipozaliwa mdogo wako," mama yake alisema taratibu. "Alilia, Asenath. Alikataa ziwa, usiku na mchana, tukadhani tunamzika. Tukamtajia majina ya wafu wetu, moja baada ya jingine, akazidi kulia. Nyanyako alipotaja Namaemba, akanyamaza, akanyonya. Ndilo alilolikubali, ingawa hatukuwahi kumwita kwalo tena. Hilo Nerima ni la msimu tu, kwa sababu tulikuwa tunalima. Kila aliyezaliwa wakati ule ni Nerima. Lakini Namaemba ni yeye peke yake."

Jikoni wimbo ulifika kwenye kiitikio, ukapanda, ukakatika katikati ya neno. Kitu kizito kilianguka. Kifuniko cha sufuria kilizunguka sakafuni muda mrefu, kikatulia.

Asenath hakuinuka. Alibaki ameshika simu sikioni, akiutazama mlango wa jikoni, na mayai yakaanza kuungua.

"Lakini umesema ameshapona," mama yake alisema, sauti yake ikijaribu kuchangamka. "Basi hebu mpe simu, nimsikie."